Asubuhi ya Hewa Tulivu

"Funga kitambaa, mzee Eladio. Leo hata nzi asituingilie," alisema Daktari Liv, macho yake yameganda kwenye skrini.

Eladio alitoka, akafunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha nje, akarudi ndani na kuuvuta mlango polepole mpaka ukabana.

Juu ya mlima ule wa kisiwa cha La Palma, mahali ambapo mawingu hubaki chini ya miguu ya watu, kila mfanyakazi alijua maana ya kitambaa kile. Darubini ya jua ilikuwa ikipiga picha mfululizo, na mfululizo ukikatika, kazi yote imekwenda na maji. Mlango ukifunguliwa, hewa ya joto huingia na picha huchemka kama maziwa jikoni. Eladio mwenyewe ndiye aliyeanzisha desturi hiyo. Mwaka uliopita alimfokea Idaira, mpishi wa kituo, kwa kufungua mlango akiwa na birika la kahawa. Alimfokea mbele za watu mpaka binti wa watu akalia.

Siku ile, kusema kweli, hakupaswa kuwa pale. Mkewe, Ofelia, alikuwa hospitalini mjini, mapafu yamemchoka, na madaktari walishamwambia ajiandae. Lakini jana jioni alikuwa na nafuu. Alikunywa vijiko kadhaa vya gofio, uji wa unga wa nafaka za kukaanga, na maziwa, kisha akamfukuza kwa utani wake wa miaka yote: "Nenda zako, mke mwenzangu anakungoja huko juu."

Tena doa la jua walilolisubiri msimu mzima lilikuwa limefika ukingoni. Kesho lingezunguka upande wa pili lisionekane. Eladio akapanda mlima. Kwa kuwa simu huzimwa ndani ya mnara wa darubini, alimwachia nesi namba ya Idaira, kisha akamwambia Idaira, "Wakipiga, nifuate haraka." Kuhusu kitambaa hakusema lolote.

Hewa ilitulia namna ambayo hutokea mara chache sana. Katikati ya doa, penye giza zito, mwanga uliwaka ghafla, ukawa pete, pete ikatanuka kuelekea nje kama maji ya tangi yaliyotupiwa jiwe, ikafifia. Kabla haijapotea sawasawa, nyingine ikazaliwa.

"Umeliona? Linapumua!" Liv alinong'ona.

"Naliona, mwanangu. Nyamaza, usije ukalishtua."

Mkono wake ulikuwa kwenye gurudumu dogo la kunyooshea picha, ukiligusa kidogo tu pale ilipobidi. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye kuliko yote.

Kisha mstari wa mwanga chini ya mlango ukakatwa na vivuli viwili. Miguu ya mtu.

"Kuna mtu nje," alisema Liv. "Au ni habari za mama Ofelia?"

"Ni Idaira na kahawa yake."

"Una hakika?"

"Ingekuwa jambo, angegonga."

Vivuli havikugonga. Havikuondoka pia. Mtu wa kahawa hasimami hivyo, na Eladio alilijua hilo moyoni, lakini pete nyingine ikazaliwa kwenye skrini, safi kuliko zote, na mkono wake haukuondoka kwenye gurudumu. Alipotazama tena, vivuli vilikuwa vimeshuka, kama mtu aliyechoka akaketi.

Walipomaliza, jua lilikuwa limeshapasha miamba na picha imeanza kutetemeka. Liv alipiga makofi. Eladio akafungua mlango.

Idaira alikuwa ameketi kwenye ngazi na aproni yake, simu mkononi, uso umelowa. Eladio hakuhitaji kuambiwa.

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi tu, mzee. Kabla hujafungua."

"Na hukugonga? Idaira! Kwa nini hukugonga?"

"Si kitambaa?"

"Kitambaa! Kitambaa ni nini?"

"Ulisema hata mlima ukilipuka nisiuguse mlango huu. Uliniambia hapa hapa, watu wote wanasikia."

Eladio alikitazama kitambaa pale kwenye kitasa.

"Nesi alimwekea mama Ofelia simu sikioni," Idaira aliendelea, akijifuta kwa aproni. "Alikuwa anakutaka wewe. Nikamwambia uko ndani, umefunga kitambaa, lakini nagonga, liwalo na liwe. Nilishanyanyua mkono, mzee, Mungu ananiona. Akaniuliza hewa ikoje leo. Nikamwambia imetulia kabisa. Akasema, 'Basi, mwache.'"

"Mwache?"

"Ndivyo alivyosema. Tukakaa naye hivyo, mimi namsemesha yeye anapumua, mpaka mwisho."

Eladio alishika ukingo wa mlango.

"Alilisema vipi? Kwa hasira?"

Idaira alifikiri. Uongo ungemsaidia mzee wa watu, lakini haukumjia.

"Hapana. Kama mtu aliyezoea."

Ndani Liv alikuwa akiita kwa shangwe: mzee aje aone, mawimbi yote yametoka, hakuna pengo hata moja. Eladio aliteremka ngazi moja, akaketi, akanyoosha mkono.

"Hawajakata," alisema Idaira, akimpa simu.

Akaiweka sikioni. Upande wa pili kulikuwa na viatu vikipita sakafuni, kitanda kikisogezwa, mtu akifungua dirisha. Alisikiliza.