Wananizungusha

Saa tisa na robo alasiri mwongoza ndege aliweka kikombe cha chai pembeni, akabonyeza kitufe na kumjibu rubani aliyekufa miaka sita iliyopita.

"Mnara, naomba kutua."

"Nakusikia. Zunguka kwanza."

"Sawa, kaka. Nazunguka."

Kwenye skrini hakukuwa na kitu, wala angani. Rubani huyo aliita kila siku saa hiyohiyo, na wenzake wa mwongoza ndege mle mnarani walinyamaza mpaka amalize. Siku ya ajali, lori la mafuta lilikuwa limekwama katikati ya njia ya kutulia ndege. Mwongoza ndege alisema, "Usitue." Sekunde hiyohiyo rubani mwingine naye akabonyeza kitufe chake, mkwaruzo ukameza mwanzo wa neno, na kwenye ndege ikafika "tue" peke yake. Ripoti ikasema rubani alitua bila ruhusa. Mwongoza ndege aliisaini.

Siku moja alimwita mjane wa rubani. Mama huyo akapanda ngazi zote, akapewa kiti na kipaza sauti.

"Baba watoto," alisema.

"Mama. Mdogo ameanza shule?"

"Yuko darasa la nne."

"Nimechelewa kidogo. Hawa watu wananizungusha."

Mjane alirudisha kipaza sauti. "Shemeji, kwa nini hamwachi atue?"

Mwongoza ndege alimtazama mkuu wa mnara, na mkuu ndiye aliyejibu.

"Ndege ikitua lazima iandikwe, mama. Ikiandikwa, ripoti itabidi ifunguliwe upya."

"Mimi ndiye niliyekosea," mwongoza ndege alisema. "Kanuni ilitaka niseme 'zunguka', nikasema 'usitue'. Kanda ipo."

"Tunajua ipo," alisema mkuu. "Iko kabatini."

Mjane aliuliza kama anaweza kuja tena. Mkuu alifikiri kidogo, akasema Jumatatu, na asisahau kitambulisho getini.

Basi akawa anakuja Jumatatu, anamweleza mumewe habari za bati linalovuja na watoto wanavyorefuka. Siku nyingine zote mwongoza ndege mwenyewe ndiye aliyemjibu rubani. Hata Jumapili, siku yake ya mapumziko, alikuja, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mtu.

"Mafuta yananitosha, usiwe na wasiwasi," rubani alimwambia Jumapili moja. "Wewe umekula, kaka?"

"Nimekula," alisema. Hakuwa amekula. "Zunguka."