Kiatu Kilichokosa Kamba

Kiatu kimoja kilikuwa na kamba, cha pili hakina. Odile alichutama mbele ya turubai la mchuuzi, Tata Kabamba, akasahau hata chumvi aliyotumwa sokoni.

Raba zile za basketi alizijua vizuri. Zilikuwa za bei nafuu, klabu yao ya wasichana iliwanunulia wote, kila mmoja kwa kamba za rangi yake, naye mwenyewe alikuwa amevaa zake. Lakini hizi zilikuwa za rafiki yake Ndaya: kisigino kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Tangu watu wa asili ya Kasai waanze kufukuzwa Kolwezi, kina Ndaya walikuwa wakilala stesheni wakingoja treni. Kabamba, mjanja huyo, alikwenda huko kila asubuhi kununua kwa bei ya kutupa, akarudi kuuza mjini kwa bei isiyoshikika. Njaa ya watu ndiyo iliyokuwa duka lake la jumla.

Odile hakuwa amekwenda stesheni kumuaga. Kaka yake alikuwa mmoja wa vijana waliopiga mawe nyumba ya kina Ndaya, na aibu ilimfunga miguu. Swali moja tu lilimnyima usingizi: je, rafiki yake anamchukia?

"Tata, mwenye hii biatu iko wapi?"

"Alienda na treni ya jana."

"Na kamba ya hii kiatu ingine?"

Kabamba akasonya. "Uniache! Ile mutoto iko na kichwa nguvu. Nikamwambia, bila kamba mi nakupa nusu ya bei. Na njala yote ile! Akachomoa kamba, akaifunga ku mukono, akakamata nusu."

"Kamba ya rangi gani?"

"Nyekundu."

Machozi yakamtoka Odile, na furaha ikamjaa papo hapo. Katika klabu yao, wawili walioshibana hubadilishana kamba moja moja. Ile nyekundu ilikuwa ya Odile mwenyewe.

Kabamba naye alikuwa ameshaona miguu yake. Raba moja ilikuwa na kamba nyekundu, nyingine nyeupe, sawasawa na ile iliyobaki pale kwenye turubai.

"Mutoto, uniuzishie ile nyeupe, nipate mbili za kufanana. Nitakulipa muzuri."

Odile akarudisha mguu nyuma. "Hii mi siuzishe."

Kabamba akamkodolea macho.

"Na mwenye hii biatu njo vile alisema," akanung'unika. "Maneno ile ile."