Mishumaa ya Esteri

Habari za biashara ya dunia msinieleze mimi. Mimi Esteri wa Kibondo nilizisoma jikoni kwangu, na karo nimeilipa.

Mizinga ilikuwa ya mume wangu, Melkiadi. Nta ilikuwa yangu. Wenzangu walikamua asali wakatupa masega. Mimi niliyachemsha, nikachuja kwa gunia, nikamimina nta kwenye vipande vya mwanzi vyenye utambi katikati. Ikatoka mishumaa minyoofu, ya manjano. Padri Reverien aliipenda hata akapeleka sanduku zima Ulaya, kwa watu wanaouzia makanisa.

Wakati huo Melkiadi alikuwa ametoka Tanga kukata mkonge, amerudi na kikohozi kisichosikia dawa. Aliniapia kwamba mishumaa ikipata soko, hatakwenda tena. Basi nilichemsha nta mpaka nyusi zikaungua.

Jibu lilikuja mwaka 1974. Padri alitueleza uani kwetu, macho chini. Mishumaa imewapendeza sana, lakini forodha ya kule inatoza ushuru mkubwa kitu kilichokwisha kutengenezwa, na kwa bei hiyo hakuna atakayeinunua. Nta ghafi ndiyo inayoingia bure. Afadhali tuuze nta.

Nilimuuliza ni nani huyo anayemkataza mtu kumaliza kazi yake mwenyewe. Akasema ndivyo walivyopatana wakubwa. Haya.

Tukauza nta. Mnunuzi mmoja, bei yake moja, utake usitake. Haikutosha chumvi na nguo. Melkiadi akafunga kifurushi chake, akapanda lori la Kigoma kwenda kutafuta treni ya kumrudisha mkongeni. Sikumuaga vizuri. Nilimnunia, maskini, kana kwamba ushuru kautunga yeye.

Miaka miwili baadaye walinirudishia mtu kifua kimekwisha. Alifia mikononi mwangu.

Siku ya maziko Padri alileta mishumaa miwili, akaiwasha kando ya jeneza. Karatasi iliyofungiwa ilikuwa na maandishi ya Ulaya. Mishumaa ilipoanza kuyeyuka, nyumba nzima ikanukia mzinga, harufu ileile ya chungu changu. Nililia, na watu wakadhani namlilia marehemu peke yake.

"Baba," nikamuuliza, "hii ilipoingia kwetu ilitozwa ushuru gani?"

Padri aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Haikutozwa, Esteri," akasema. "Ni msaada."