Mahudhurio ya Hedwiga

Mimi ndiye niliyekuwa naita majina. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia ya jirani. Naitwa Redempta, na kwa miaka kumi na tatu nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo huku juu Vudee. Kila Alhamisi saa kumi jioni tulikutana, wiki hii nyumba hii, wiki ijayo nyumba nyingine. Tunasali rozari, tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, halafu nafungua daftari. Nikitaja jina, mtu anajibu, "Nipo." Huyo namwekea tiki. Aliyekaa kimya nampiga mkasi, mistari miwili inayokatana, na niliikandamiza kalamu hasa.

Padri alipanda kwetu mara moja kwa miezi miwili, gari lake likipata mafuta. Jumapili nyingine katekista Rubeni ndiye aliyetuongoza. Kwa hiyo padri hakutujua kwa sura, alitujua kwa daftari. Na kanuni ilikuwa moja: asiyehudhuria jumuiya, akifa, kanisa halimziki. Hapati sala wala kengele, wala msalaba juu ya kaburi. Kanuni hiyo sikuitunga mimi. Lakini niliipenda, na hilo nalo nalisema.

Mwaka wenyewe ulikuwa themanini na nne. Wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Sabuni ilipotea, tukafulia majani ya mpapai. Vitambaa vikifika duka la kijiji, vinakwisha kabla foleni haijasogea. Kuna wanaume niliowaona wakilima wamevaa magunia ya kahawa, na wakisikia mtu anapita wanachuchumaa kwenye migomba hadi apite. Tulicheka. Kipindi kile ukiacha kucheka unalia, basi tukacheka.

Hedwiga alikuwa mjane, mpole, mtu wa kuongea chini chini. Alikaa na binti yake Leticia, miaka kumi na sita, aliyekuwa kwenye mafundisho ya Kipaimara. Kwaresima ya mwaka ule Hedwiga akaacha kuja jumuiya. Leticia alikuja peke yake kila wiki. Namwita mama yake, kimya. Nampiga mkasi.

"Mama yuko wapi?" nilimuuliza wiki ya tatu.

"Hajisikii vizuri, mama mwenyekiti."

Wiki ya sita akaniambia yale yale. Mimi nami mdomo wangu hauna breki. Nikasema mbele ya watu wote, "Mwambie mama yako kwamba Mungu naye hajisikii vizuri." Watu wawili watatu walicheka. Leticia aliinama, akawa anavuta vuta upindo wa kitenge chake. Kilikuwa cha kijani, chenye ndege, na alikuwa akikivaa wiki zote. Nikajisemea moyoni, binti huyu angalau anajua kujiheshimu, si kama mama yake.

Masika yakaja na baridi, na Hedwiga akashikwa na kifua. Alifariki mwezi wa tano, siku ya Jumatatu. Kesho yake asubuhi Rubeni alikuja kwangu na Leticia.

"Shikamoo mama mwenyekiti," Leticia alisema.

"Marahaba."

Rubeni akaniuliza daftari linasemaje. Alijua linasemaje, lakini alitaka niseme mimi. Nikalifungua. Mikasi tisa imejipanga.

"Wiki tisa," nilisema. "Kanisa si gari la kubebea maiti. Mtu halikumbuki akiwa mzima, akifa ndiyo limbebe?"

Leticia hakubisha. Natamani angebisha. Alisimama pale mlangoni akimtazama Rubeni, na Rubeni akatazama ukungu ulioshuka bondeni, kisha akasema, "Mwenyekiti amesema." Wakaondoka.

Walimzika majirani zetu Wasabato. Walichimba, wakabeba, wakaimba nyimbo zao taratibu kule nyuma ya nyumba yake. Sisi Wakatoliki tulisimama barabarani, tusitie mguu wala tusirudi nyumbani. Rozari nilikuwa nayo mfukoni, na sikuitoa.

Alhamisi ile tulikutana kwa Rubeni. Leticia hakuja. Nikampiga mkasi, aliyefiwa siku ya tatu, nikampiga mkasi. Jina la Hedwiga lilikuwa juu ya lake na sikuwa nimelifuta. Mazoea mabaya, nikalitaja.

"Hedwiga."

"Nipo."

Ilitoka nje, nyuma ya ukuta, upande wa migomba. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Niliinua kichwa. Nilikuwa nimekaa mlangoni kama kawaida yangu, na wote niliwaona. Hakuna aliyeshtuka. Honorata, jirani yangu, alikuwa anapiga miayo.

"Endelea, mwenyekiti," Rubeni alisema.

Nikaendelea. Tiki zilitoka kama minyoo.

Wiki iliyofuata nililikata jina lile kwa rula, nikalivuka bila kulitaja. Katikati ya jina la juu na la chini, pale nilipopumua, nikasikia, "Nipo." Ilikuwa nyumba nyingine kabisa, yenye ukuta wa mawe. Wiki ya tatu tulikuwa kwangu mwenyewe. Nilitoka mapema nikazunguka nyuma, nikakagua mgomba mmoja mmoja, nikafunga na mbuzi pale ili mtu akipita alie. Nikaingia, nikaita. "Nipo," na mbuzi hakulia.

Niliogopa. Sitaki kupamba neno. Niliogopa hadi nikawa siwezi kula makande kuanzia Jumatano. Nilimwambia Rubeni, akaniambia nisali novena. Nikasali. Siku ya tisa ikaangukia Alhamisi, na alijibu kama kawaida, wala hakupandisha sauti wala kulalamika. Angelalamika ningejua la kufanya, maana mimi na ugomvi tunafahamiana. Lakini alijibu kama mtu ambaye kazi yake ni kuhudhuria.

Katika jumuiya alikuwepo Rogathe, bibi mwenye mgongo mbovu, ambaye kokote tulikosali alikaa nyuma kabisa aegemee ukuta. Nilimwendea Jumamosi, nikamkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, Redempta. Umekonda."

Nikajikaza kisabuni, ingawa sabuni yenyewe hatukuwa nayo. "Bibi, wewe unakaa ukutani. Nikimwita Hedwiga, husikii kitu huko nje?"

Aliendelea kupukuchua. Nilidhani hajanisikia.

"Sasa hivi sisikii kitu," alisema. "Nilikuwa namsikia alipokuwa hai."

Nilimwomba arudie. Alirudia polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Wiki zote tisa Hedwiga alikuwa akija. Alipita kwenye migomba, akasimama nyuma ya ukuta, akasali rozari yote, na nikimwita alijibu. Alikuwa amevaa gunia, lililotobolewa kichwa na mikono. Kile kitenge cha ndege kilikuwa nguo pekee ya nyumba ile, na alimwachia mwanawe, maana Leticia akikosa mafundisho na jumuiya asingepata Kipaimara.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alitukataza. Na tungekuambia ungesemaje? Ungesema aingie hivyo hivyo, Mungu haangalii nguo. Tungemwona wote." Akatupa gunzi. "Hakuna aliyekuwa na ya kumwazima. Na nguo ya kuazima, unajua wenyewe wanavyosema, haisitiri matako."

"Mimi nilikuwa na kitenge cha pili, bibi."

"Tulijua," Rogathe alisema.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwangu, nikafungua sanduku, nikatoa kitenge changu cha Pasaka, nikashuka kwa Leticia. Mlango ulikuwa umefungwa mchana kweupe. Nilibisha hodi.

"Karibu, lakini siwezi kufungua," alisema. "Shikamoo, mama mwenyekiti."

Aliniamkia. Mimi, baada ya yote yale, mtoto yule aliniamkia. Niliegemea ule mlango.

"Leticia, mama alizikwa na nini?"

"Na kitenge chetu. Nilimvika mimi. Nikasema angalau huko anakokwenda asisimame nje."

Nikamwambia nimemletea kitenge. Alifungua mlango upana wa kiganja, nikapitisha kitenge. Niliona mkono wake na ukingo wa gunia, mkono ukarudi ndani. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu mazishi, na zote nilikuwa nimempiga mkasi.

"Padri anapanda Jumapili ijayo," nilisema kupitia ubao wa mlango. "Nitamwambia. Atabariki kaburi."

"Watakucheka, mama mwenyekiti."

"Wacha wanicheke."

Maneno ni rahisi. Alhamisi iliyokuwa katikati nilimwita tena Hedwiga, akajibu tena, na nikatambua kwamba nikinyamaza atajibu hivyo hadi nami niwekwe kaburini. Atakuwa nje ya kanisa milele na mlinda mlango ni mimi. Usingizi uliniruka. Nilimwonea wivu hata yule mbuzi.

Jumapili, baada ya Komunyo, Rubeni alipouliza matangazo, nilisimama. Kanisa letu ni dogo, la matofali ya kuchoma na mabati yaliyooza, na siku ile lilijaa kwa ajili ya padri.

"Daftari langu ni la uongo," nilisema. "Hedwiga alihudhuria wiki zote. Nilimnyima maziko mtu aliyehudhuria."

Padri alikuwa mzee, mtu wa taratibu. Aliniuliza nani ameshuhudia.

Nilimtazama Rogathe, na Rogathe akawa anajiinua kwa tabu. Lakini nilimtangulia. "Yeye mwenyewe amenijibu, padri. Kila nilipomwita. Nilichelewa kumsikia."

Hakuna aliyecheka. Padri akaomba ndoo ya maji ya baraka. Tulikwenda wote, na Wasabato nao wakatoka majumbani wakatufuata. Kaburi lilibarikiwa, kengele ilipigwa, msalaba wa mti ulisimikwa. Tulisema, raha ya milele umpe ee Bwana. Leticia alisimama mbele amevaa kitenge changu. Nilingoja anitazame, nilingoja sana. Mwishoni alinishika mkono akasema, "Asante, mama mwenyekiti," kama mtu aliyerudishiwa kibuyu chake.

Alhamisi iliyofuata nilimwita Hedwiga, kimya. Niliita tena. Nje kulikuwa na kuku tu na upepo. Machozi yalinitoka kwa kushukuru, nikasema moyoni, ameingia.

Kisha nikamwita Leticia.

"Nipo."

Ilitoka nje, nyuma ya ukuta, upande wa migomba.

Nilitoka mbio. Alikuwa amesimama pale, mzima, kitenge kikiwa safi, rozari mkononi. Nikamwambia, mwanangu, ingia, nafasi ipo. Alisema hapana kwa heshima kabisa. "Nitasali hapa, mama mwenyekiti. Nimeshapazoea."

Akapazoea miaka. Kipaimara alipewa, akakipokea mbele ya askofu, lakini jumuiya alisali nje. Ruksa ya biashara ilipokuja, mitumba ikashuka mjini Same kwa marobota, magauni ya kila rangi yametandazwa chini mnadani, unachagua hadi unachoka. Leo hata maskini wa Vudee ana gauni la Jumapili na la Jumatatu. Nilimnunulia Leticia matatu. Aliyavaa, yalimpendeza, akasimama nayo nyuma ya ukuta. Sikupata kumpiga mkasi tena, lakini hakuna tiki iliyoniuma kama ya kwake.

Mwaka tisini na tano Rogathe alifariki, tukamzika kwa kengele. Nami nilikuwa nimechoka. Daftari nilimkabidhi Honorata, kijana kuliko mimi na mkali kama nilivyokuwa. Alhamisi yake ya kwanza sikuingia ndani. Nilizunguka nyumba, nikapita kwenye migomba iliyolowa umande wa ukungu, nikasimama karibu na Leticia. Hakuniuliza kitu. Tulisali rozari yote pamoja, yeye akianzisha, mimi nikiitikia.

Honorata alianza kuita. Kwa Leticia hakungoja hata jibu, wote wamezoea. Likafika langu.

"Redempta."

"Nipo," nilisema. Sauti ilinitoka ndogo. Sehemu ya Rogathe pale ukutani haikuwa na mtu wa kunisikia.

"Redempta," aliita tena. Halafu nikamsikia akiwaambia wenzake, "Yaani yeye, wiki ya kwanza tu," na kalamu ikakwaruza karatasi mara mbili.

Leticia akasogea kidogo, akanipa nafasi ya kuegemea ukuta.