Mshono Usioshika

"Hivi besi yake, mama, inapiga mpaka kifuani," alisema Twaha, huku akimkabidhi Bonifasia jozi nyingine ya visikilizio. "Vijana wa bodaboda wanavigombania."

Bonifasia alivitia masikioni, akasikiliza kidogo, akavichomoa.

"Vinapiga ngoma tu. Mimi sitaki ngoma."

"Sasa unataka nini?"

Swali lilikuwa la haki kabisa, ila jibu lake halikuwa la kumpa muuza simu asubuhi, wateja wengine wamesimama mlangoni. Bonifasia alitaka kitu ambacho watu hawatakiona wala hawatakisikia, kitakachomsaidia kumaliza siku zilizobaki za msiba wa mumewe bila kurukwa na akili. Alichosema ni hiki: "Vidogo. Viingie chini ya kitambaa cha kichwa. Visivuje sauti nje. Vya safari, na vya kuvaa nikiwa kazini."

Twaha alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akakiona kitambaa cheusi, akashusha sauti. "Subhanallah. Wewe si mke wa fundi Cleopa? Nisamehe, mama. Kanzu yangu ya Idi alishona yeye. Pole sana."

"Tumeshapoa, mwanangu."

Hakuwa amepoa. Ni jibu tu, mtu hujibu hivyo.

Twaha akaacha kusifia besi. Aliingia nyuma ya pazia, akarudi na kiboksi cheupe ambacho hakukiweka kwenye kioo cha mbele. Ndani mlikuwa na visikilizio visivyo na waya, vidogo kama punje za kahawa, vikiwa na vimpira vya ukubwa mbalimbali. Alimweleza kwamba kimpira kisipokaa sawasawa, hata kisikilizio cha bei mbaya hakina maana. Wakajaribu vikubwa, vikamuuma. Vidogo vikachomoka. Vya kati vikaingia na kutulia, na papo hapo stendi yote ya Mbinga ikazimika: wapiga debe, honi, jenereta la jirani. Bonifasia alishtuka, akashika meza.

"Vinazima kelele za nje," Twaha alisema baada ya kumchomolea kimoja. "Ila nikwambie ukweli, ukivivaa, mtu akikuita husikii."

"Ndivyo ninavyotaka."

Akatoa simu ya Cleopa, ile yenye kioo kilichopasuka pembeni, akafungua nyimbo.

Nyimbo zenyewe zilikuwa za zamani, za dansi, za enzi ambazo gitaa lilikuwa linajibizana na tarumbeta. Cleopa alikuwa na ubahili wake wa ajabu. Hakununua wimbo hata siku moja. Jumapili mchana, kipindi cha zamani kikianza redioni, aliweka simu mezani, akabonyeza kurekodi, akaendelea kushona. Wote wawili waliendelea. Chumba chao cha kazi kilikuwa nyuma ya soko, cherehani mbili zikitazamana, redio katikati, na kwa miaka yote ya ndoa Bonifasia hakuwahi kushona nguo bila hiyo redio. Miguu yake ilijifunza kukanyaga humo.

Kwenye visikilizio vyake vya zamani, vile vya waya, alizoea kusikia wimbo tu. Lakini hapa dukani wimbo ulisogea pembeni, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Nyuma yake kukawa na chumba. Kukawa na mteja anayelalamika kuhusu zipu. Kukawa na cherehani inayotembea, na kila gurudumu likizunguka, kitu kinagonga: *ta-ka-ta, tk. Ta-ka-ta, tk.* Bonifasia aliujua mlio huo. Mkanda wa cherehani ya Cleopa ulikatika zamani, akauunga kwa kipande cha waya, na kile kifundo kilikuwa kikigonga chuma kila kikipita. Alimwambia mara ngapi anunue mkanda mpya! Na juu ya ule mlio, taratibu, mtu alikuwa anaimba puani, akikosea wimbo.

Bonifasia alilipa bila kuomba apunguziwe. Twaha ndiye aliyetaka kumpunguzia, ila Bonifasia hakusubiri.

Kwao Cleopa ni Chiwanda, huko ziwani, karibu na mpaka. Presha ilimwangusha Mbinga, kwenye kiti chake cha kazi, na mkasi ukiwa mkononi. Wakampeleka kwao kuzikwa. Huko nyumba yenye msiba haiwashi redio mpaka siku ya kuondoa matanga. Nyimbo ni za kanisani tu, tena kwa saa zake. Wengine wanapumzika katika kimya hicho. Bonifasia, aliyezaliwa Mapera milimani na kuzeekea kwenye kelele za soko, kilikuwa kinamtafuna. Machozi yalikataa kutoka. Wifi yake Hilda, dada mkubwa wa Cleopa, alikuwa ameshaliona hilo na ameshalisema, na hakulisema kwa kunong'ona: "Mmatengo wetu huyu mkavu. Sijui alimpenda kaka, sijui alikuwa anahesabu siku."

Basi ukoo ukakaa, ukaamua wanawake wote wa nyumba wavae kitenge kimoja siku ya matanga. Na nani ashone? Fundi si yumo ndani! Cherehani ya Bonifasia ikaletwa kutoka Mbinga. Heshima yake yote kwa wakwe ilikuwa juu ya kazi hiyo: akishona vizuri, atakuwa amemlilia mumewe kwa mikono. Akiharibu, basi maneno ya Hilda yatakuwa yamethibitika, na hatakuwa na uso wa kurudi Chiwanda kupalilia kaburi.

Na alikuwa anaharibu. Yeye, aliyeshona sare za shule nusu ya Mbinga, alikuwa akikanyaga katika kimya kile na mshono unapinda. Anafumua, anarudia, unapinda tena. Ndiyo maana, alipotumwa Mbinga kuongeza uzi na zipu, alipitia kwa Twaha.

Ndani ya basi, kwenye zile kona za kushukia ziwani, alivivaa. Hakutazama nje hata kidogo. Cleopa alikuwa anashona.

Siku zilizofuata kazi ilikimbia. Bonifasia alijifunga kitambaa mpaka chini ya masikio, akaweka cherehani barazani, akawapa mgongo watu wote. Mishono ikanyooka. Gauni moja baada ya jingine lilikunjwa na kuwekwa kwenye mkeka. Hata Hilda alipita, akanyanyua pindo la gauni, akaliangalia, akaondoka bila neno, jambo ambalo kwa Hilda ni sifa kubwa. Bonifasia alikuwa karibu na furaha, na aliionea haya. Wakati mwingine alijikuta anapunguza mwendo ili mguu wake ulingane na ule wa Cleopa.

Gauni la mama mkwe, Mama Eunice, alilihifadhi la mwisho kabla ya lake mwenyewe, alishone kwa utulivu.

Sasa, yeyote aliyewahi kukalia cherehani anajua kwamba bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, haijulikani kwa macho kwamba imeisha. Uzi wa juu unaendelea kushuka, tundu zinaendelea kutoboka, ukitazama unaona mshono mzuri tu. Ni sikio linalokwambia. Uzi wa chini ukiisha, cherehani hubadilika, sauti yake inakuwa nyepesi, ya kipumbavu kidogo, na mguu unasimama wenyewe kabla hata hujafikiri. Bonifasia hajawahi kupitwa na sauti hiyo tangu usichana wake.

Lakini siku ile cherehani aliyokuwa akiisikia haikuwa yake.

Ilikuwa alasiri, wanawake wamekaa uani wakichambua usipa, dagaa wa ziwani, Mama Eunice alipoletewa gauni lake alijaribu. Walimvisha wakamzungusha. Lilimkaa vizuri mno, na kikongwe yule, ambaye tangu mazishi alikuwa anakula kwa kulazimishwa, alitabasamu.

"Mwanangu ameoa fundi," alisema. Kisha akanyanyua mikono awaonyeshe.

Ubavu wote, uliokuwa umeshikizwa kwa mkono tu kabla ya cherehani, ukaachia, kutoka kwapani hadi kiunoni, bila hata sauti ya kuchanika. Ulifunguka tu. Mama Eunice akabaki na shimizi yake ya zamani mbele ya wakwe, majirani na mama mchungaji, akijikusanya kwa viganja.

"Bonifasia!" Hilda aliita. "Bonifasia! Unaona ulichomfanyia mama?"

Kule barazani Bonifasia alikuwa anakanyaga, mgongo umenyooka, anashona kola ya gauni lake mwenyewe.

"Wee Bonifasia! Unanidharau?"

Hakugeuka. Hilda akapanda baraza kwa hasira zote za siku zile, akamvuta kitambaa cha kichwa. Kisikilizio kimoja kikadondoka juu ya ubao wa cherehani, na katika kimya cha nyumba ya msiba kikasikika kwa mbali, chembamba, kikiimba dansi.

"Makubwa!" Hilda alirudi nyuma. "Makubwa haya, jamani! Muziki! Udongo wa kaka haujakauka, mwenzetu yuko dansini! Si niliwaambia? Si niliwaambia mimi? Funga cherehani yako, urudi kwenu milimani. Matanga tutaondoa wenyewe, hata kwa matambara."

Bonifasia aliona lile gauni, akaona mikono ya mama mkwe ilivyolishika, akaelewa papo hapo, kifundi, kabla ya kuelewa kitu kingine chochote. Akatoa bobini. Ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu tangu lini?

"Nilikuwa naisikia," alisema. "Nilikuwa naisikia inakwenda, wifi. Naapa."

"Unasikia nini? Tarumbeta?"

"Lete hapa," alisema Mama Eunice.

Alikuwa amepanda baraza polepole, ubavu wa gauni ukiwa mkononi. Alijikalisha kwenye kigoda kando ya cherehani, akakinga kiganja. Hilda akaanza kusema mama, hicho ni kitu cha dhambi, akanyamazishwa kwa jicho. Bonifasia alivifuta vimpira kwa ncha ya kitenge, akasogeza mvi nyuma ya masikio ya mama mkwe, akaingiza kimoja, kisha kingine. Vya kati vilimtosha. Akaanzisha wimbo upya.

Mwanzoni uso wa kikongwe ulikunjamana tu. Kisha akauliza, kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wasiosikia sauti yao wenyewe:

"Nani huyo anashona?"

"Ni Cleopa, mama," Bonifasia alijibu, na jibu halikufika popote.

"Nani anashona huko?" Akainamisha kichwa. Uani wanawake waliacha usipa. Halafu wakaona macho ya Mama Eunice yanafumba, na mdomo unafunguka, na Bonifasia alijua wamefika mahali gani kwenye wimbo, pale ambapo mtu anaanza kuimba puani na kukosea.

"Eeeh," alisema mama. "Eeh, baba. Tangu utoto huujui huo wimbo."

Akaanza kumwimbia. Katika nyumba ya msiba, mchana kweupe, mbele ya mama mchungaji, Mama Eunice aliimba wimbo wa dansi kwa sauti iliyopasuka, akimrekebisha mwanawe maneno. Hakuna aliyemgusa. Kati ya beti alimsemesha: apumzike, ale, mbona anafanya kazi Jumapili. Hilda alikaa chini kwenye sakafu, miguu mbele, akajifunika kanga usoni.

Bonifasia naye alikuwa analia hatimaye. Yalimtoka bila mpango, mdomo wazi, makamasi na yote, na hakuona aibu. Kwa macho hayo yaliyojaa maji aliitazama simu mkononi mwake, akaona kioo kimekuwa cheusi. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Tangu juzi sola ya nyumba ilikuwa haichaji vizuri, na simu ilikuwa imekula chaji yake yote.

Mama Eunice aliendelea kidogo, kisha akapunguza, kisha akasimama katikati ya neno.

"Bonifasia," aliita, macho bado amefumba. "Mbona amenyamaza?"

Hata angejibiwa, mama hasikii.

"Mbona amenyamaza mwanangu?"

Kiganja cha kikongwe kilikuwa kinapapasa hewani, kikaangukia ubao wa cherehani, kikabaki hapo. Bonifasia alikiona. Akavuta kiti, akakaa, akaweka mguu kwenye kanyagio. Hakutia kitambaa. Hakutia uzi. Akakanyaga polepole, na kila gurudumu lilipozunguka akagonga chuma kwa kidole chenye pete, mara moja.

Ubao ukaanza kutikisika chini ya kiganja cha mama.

"Ahaa," alisema Mama Eunice kwa sauti kubwa, na mabega yake yakashuka. "Huyo. Anashona huyo."

Akaanza tena kuimba kutoka pale alipoachia. Sindano ilipanda na kushuka juu ya chuma kitupu. Jua lilikuwa limefika barazani, mguu wa Bonifasia ulikuwa umeanza kuuma, na hakujua ataachaje.