Kiti cha Jalia

Kiti kilikuwa na vitufe kumi na vinne. Mzee Dawudi alivihesabu mara mbili, maana miaka thelathini ya kuendesha lori kati ya Kampala na Juba ilimfunza kutokalia chombo asichojua breki yake iko wapi. Kimoja kilinyanyua miguu. Kingine kililaza mgongo polepole, mpaka mtu mzima na mvi zake akajikuta chali mbele za watu kama maiti anayesubiri kuoshwa. Akakirudisha upesi.

Hilo ndilo daraja la biashara la ndege lililozungumzwa mtaani Makindye, Kampala, kwa wiki tatu nzima. Nabila, binti yake wa pekee, aliwakatia wazazi wake tiketi mbili za kwenda Toronto, na si tiketi za kukunja magoti, la, za kulala kitandani hukohuko angani, kwa sababu mama yake, Jalia, alikuwa na miguu ya kuvimba. Jalia alitamba wee! Aliwaambia wanawake wenzake kwamba huko juu atapewa mto na blanketi, atavua viatu, na hakuna atakayemtuma maji. Akaanza kumsukia Nabila mkeka wa ukindu wa rangi. Aliumaliza Jumatatu. Jumanne asubuhi alianguka jikoni, na kabla ya alasiri walikuwa wamekwisha kumzika.

Sasa mkeka ulikuwa umesimamishwa kwenye kiti cha Jalia, umefungwa mkanda. Dawudi aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, na kama kulikuwa na mtu aliyeona ni kichaa, basi na aone.

Lakini kilichomlemea ni kingine. Nabila alikuwa hajui.

Kwa Wanubi wa kizazi cha Dawudi, habari ya kifo haitumwi kwa simu. Hupelekwa kwa miguu. Hutafutwa watu wawili watatu, wakamwendea mfiwa alipo, wakaketi naye, mmoja akamshika mkono, ndipo ikasemwa. Na ikishasemwa, hakuna anayeondoka. Nabila huko aliko hana wa kuketi naye. Anaishi chumba kimoja, anauguza wazee wa watu, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta hamjui hata jina. Kwa hiyo Dawudi aliwakusanya ndugu palepale makaburini akawakataza: mtu asipige simu. Shemeji yake, Safinah, alibisha kwamba mtoto atajua tu. Dawudi akamkata kauli. Safari ilikuwa Jumapili. Atakwenda yeye, na mkono atamshika yeye.

Siku hizo zilimchakaza. Jumatano Nabila alipiga wakati ua umejaa watu wa matanga, wanasoma hitima kwa sauti. Dawudi alikimbilia chooni na simu.

"Baba, mbona kelele? Nani anasoma?"

"Ni kwa jirani. Iko maulidi."

"Mama yuko wapi?"

"Ameenda kusaidia kupika."

Nabila alinyamaza muda mrefu, Dawudi akasikia pumzi zake tu. Kisha akauliza, "Baba, umekula?"

"Nimekula," alisema Dawudi, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake.

Tangu hapo Nabila alipiga kila siku, na kila siku swali lilikuwa hilo hilo, umekula? Habari za mama yake hakuuliza tena. Dawudi alimshukuru Mungu, akadhani ni pilikapilika za kazi.

Uwanja wa ndege wa Entebbe nao ulimshangaza. Alikuwa na karatasi ya kifo mfukoni, na maneno ya kumweleza atakayeuliza mke yuko wapi. Hakuna aliyeuliza. Mhudumu wa dirishani alitazama kompyuta, akamtazama yeye, akampa kadi moja. Dereva akishapita kizuizi cha polisi bila kusimamishwa, harudi nyuma kuuliza kwa nini. Dawudi alichukua kadi yake akaenda.

Na sasa walikuwa juu. Kila abiria alikuwa na kibanda chake, na kila kibanda na ukuta wake. Bwana mmoja mnene upande wa pili alijaza masikio yake vidude, akajifunika blanketi, wala hakumsalimu mtu. Hata barabara ya Juba, pamoja na vumbi lake lote, ilikuwa na watu wa kumwuliza habari za nyumbani. Dawudi alijisikia mpweke, mpweke kabisa, na hakujidanganya kwamba ni uchovu.

Chakula kikaja: kitambaa cheupe, mkate wa moto, wali, samaki. Sahani ya mtu mmoja. Dawudi akaitazama. Kwao chakula huwekwa kwenye sinia na mikono ikawa mingi. Tangu azaliwe hakumbuki kula akiwa peke yake. Nusu saa ikapita, hajagusa kijiko.

Mhudumu akaja akachuchumaa karibu yake. Kwenye kifua chake iliandikwa Benedicte.

"Papa, hauli? Chakula iko mubaya?"

Dawudi alishtuka kusikia Kiswahili. "Wewe mtoto ya wapi?"

"Wazazi yangu ni ba Beni, kule Kongo. Lakini mimi nimekulia Makindye, kule chini ya kambi ya jeshi."

"Ai! Na mimi niko wa Makindye!" Alikaribia kutabasamu.

Benedicte aliuangalia mkeka. "Pole sana ya Mama, Papa."

Tabasamu likafia njiani. "Mama gani?"

"Mama Jalia. Jina yake iko ku karatasi yetu. Binti yako alipigia ofisi simu."

"Siku gani?"

"Jumatano. Imeandikwa mama amekufa, baba atasafiri yeye moja, na ile kiti yake mtu asikae. Tena aliomba…" Benedicte aliisogeza sahani karibu naye. "Aliomba mmoja wetu akae na wewe wakati ya kula. Alisema baba yake hajui kula peke yake. Mimi nilisema nitakaa."

Jumatano. Dawudi alikumbuka kile kimya cha simu, na aliona haya. Ni mtoto gani wa Kinubi asiyeweza kutofautisha hitima na maulidi kwa sikio? Nabila alijua palepale, baba mtu akiwa amejibanza chooni anamdanganya. Na hakusema, kwa kuwa naye alilelewa vilevile: neno lile halisemwi kwa simu. Badala yake alimwuliza kama amekula, kisha akamtafutia mtu wa kuketi naye.

"Na yeye?" aliuliza Dawudi. "Nani alikaa na yeye?"

Benedicte alitazama chini. "Hiyo haikuandikwa, Papa."

Dawudi alifungua mkanda, akautoa mkeka kwenye kiti cha Jalia, akauweka mapajani. Benedicte akaketi pale. Mzee akala, kwa sababu binti yake aliomba ale. Alikula huku analia, bila kujificha, wali unamkwama, na msichana yule hakuondoka mpaka sahani ikaisha.

"Nikutandikie kitanda, Papa? Njia ni ndefu."

"Imebaki saa ngapi?"

"Mpaka Toronto, na kubadilisha ndege, kama kumi na sita."

"Basi acha. Nitakaa."

Akakaa wima, mkeka mapajani, macho kwenye ramani ndogo ya kioo cha mbele yake, yenye kindege kisichosogea. Matanga aliyokaa binti yake peke yake yalikuwa na siku nne sasa, na hakuna mtu aliyefika.