Rudia Tafadhali

“Usiposikia swali, usikodoe macho. Sema hivi: rudia tafadhali.”

Wachuka alimfundisha bintiye maneno hayo wiki mbili nzima, wakikamua, wakiosha vyombo, wakienda kanisani. Waithera alikuwa na miaka kumi, na tabia ya kutoweka akiwa amesimama papo hapo. Macho wazi, kijiko hewani, na mwenyewe hayupo. Ukihesabu hadi kumi na tano anarudi, wala hajui kwamba aliondoka.

Muturi, babake, aliita tabia hiyo uvivu. Mwalimu aliiita kutokuwa makini, akaandika barua kwamba mtoto apelekwe mjini Nakuru akapimwe na mtaalamu wa watoto wanaotatizika masomoni. Wachuka peke yake ndiye aliyelijua jina lenyewe. Kitinda mimba wa kwao alikuwa akitoweka vivyo hivyo, mpaka siku alipotoweka akiwa karibu na moto. Baada ya mazishi, neno kifafa halikutamkwa tena nyumbani kwao, na huku Njoro alikoolewa hakuna aliyewahi kulisikia kutoka kinywani mwake.

Alitamke leo ili iweje? Mawifi wangesema ameingiza ugonjwa katika ukoo wa watu. Mtoto angehamishiwa shule ya mbali na kuitwa kwa jina la ugonjwa maisha yake yote. Mficha maradhi kilio humfichua, ndiyo, lakini methali ni tamu kwa asiye na la kuficha.

Mtaalamu alikuwa mama mpole aitwaye Chemutai. Alimpa Waithera vipande vya mbao avipange, picha azieleze, nambari azirudie kutoka nyuma kwenda mbele. Wachuka alikaa pembeni, mkoba mapajani, akihesabu. Mara saba mtoto alitulia ghafla, kisha akapepesa macho na kusema kwa sauti nzuri, “Rudia tafadhali.” Mara saba Chemutai akarudia, na kila swali lililorudiwa likajibiwa sawasawa. Wachuka alijivunia mtoto wake, na wakati huohuo hakuthubutu kumtazama Chemutai usoni.

Mwishoni Chemutai aliweka kalamu chini.

“Mama Waithera, nyumbani huwa anaduwaa? Anaacha kitu katikati, ni kama amezima?”

“Hapana, madam. Ni ile tu anapenda kusikia poa kabla ajibu.”

“Na kwenu, ama kwa mzee, kuna mtu amewahi kuwa na kifafa?”

“Hakuna.”

Chemutai alimtazama mtoto, akamtazama mama. Kisha akaichukua kalamu tena.

Ripoti ilipotoka, Muturi aliisomea sebuleni kwa sauti, kidole kikifuata mistari. Uwezo wa mtoto ni wa umri wake. Ana adabu na ni makini: huomba swali lirudiwe ili awe na hakika. Chini palikuwa na sahihi na muhuri wa rangi ya zambarau. Muturi aliamini muhuri kuliko alivyoamini mawingu. Aliitia karatasi ile katika bahasha moja na hati ya shamba.

“Kumbe mtoto wangu hana shida,” alisema, na furaha yake ilikuwa ya kweli. “Sasa hakuna kumdekeza. Kesho ataanza kulisha mashine.”

Mashine ya kukatia nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, ilikuwa nyuma ya boma lao. Unasukuma majani kwa mkono, meno yanayavuta, kisu kinazunguka ndani. Tangu Waithera aangushe ndoo ya maziwa akiwa ameikazia macho, Wachuka alikuwa amemweka mbali na mashine hiyo kwa visingizio vya kila namna: mara ana kifua, mara ana homuweki. Ripoti ile ilivimaliza visingizio vyote kwa siku moja. Usiku huo alilala akiisikia mashine kichwani ilhali ilikuwa imezimwa.

Kesho yake baada ya shule ilinguruma kweli. Wachuka alikuwa jikoni akimenya viazi, masikio yote yako nje. Majani yakiingia, sauti huwa nzito. Yakiisha, huwa nyembamba. Nzito, nyembamba. Nzito, nyembamba. Kisha ikabaki nyembamba.

“Waithera!”

Alikimbia na kisu cha viazi mkononi. Muturi alikuwa amewapa mgongo, akifungua mzigo mwingine wa nepia. Mtoto alisimama wima, macho kwenye ua wa boma, kiganja juu ya majani machache ya mwisho, na majani yalikuwa yakivutwa polepole pamoja na kiganja. Wachuka alimvuta nyuma, akaipiga swichi. Mashine ikanyamaza.

“Nini sasa?” Muturi aligeuka. “Unamshtua mtoto!”

Wachuka alisema yote pale pale, akilia bila haya. Alitaja kifafa, akamtaja ndugu yake, moto, na yale maneno mawili aliyomfundisha mtoto wiki mbili. “Nilidanganya, Baba Waithera. Nilimdanganya madam.”

Muturi alimsikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Wachuka hofu kuu.

“Mama Waithera, hiyo ni uoga ya kufiwa. Haujawahi kupona.” Aliongea kama anayembembeleza mgonjwa. “Mtu amesomea hiyo kazi amempima masaa matatu. Ameandika, amepiga muhuri. Wewe na yeye, nani anajua?”

“Mimi! Mimi ndiye ninajua!”

“Enda upumzike.”

Akawasha mashine. Wachuka alimshika mtoto mkono wa kushoto. Muturi alikuwa tayari ameushika wa kulia, akimvuta taratibu, kwa upendo, kuelekea kwenye meno.

“Waithera, leta ile mzigo ingine.”

Mtoto hakujibu. Alisimama katikati yao, macho wazi. Wachuka alianza kuhesabu, na alipofika kumi na nne kope zikapepesa.

“Rudia tafadhali, baba.”

“Umeona?” Muturi akamwambia mkewe, akitabasamu. “Vile tu iliandikwa.”